Masepe ya MmaTefo

Jumamosi asubuhi MmaTefo alipanga foleni kwenye posta ya Kanye. Alikuwa amejitanda shali lake la kijivu, mkono mmoja ameshika karatasi ya kuchukulia kifurushi, mkono mwingine mfuko wa magwinya ya moto. Magwinya ni kama maandazi, ila ni ya mviringo na hayana iliki, na haya yalikuwa ya Rra Moatlhodi, karani wa posta, ambaye tabasamu lake haliamki mpaka tumbo lake liamke.

"Dumela, mma," alisema Rra Moatlhodi akichungulia ndani ya mfuko. "Una mzigo wa Maseru."

"Mzito?"

"Mzito, mama yangu. Jana nilipouinua mgongo uliniambia neno ambalo siwezi kulirudia mbele yako."

Aliuburuta mpaka kaunta. Ulikuwa katoni la sabuni lililofungwa kwa kamba ya manila, mafundo yamekazwa vizuri. Kwenye karatasi ya forodha, pale panapoulizwa kilichomo, mtumaji alikuwa ameandika kwa herufi nzuri: *sepe*. Kwa Kitswana, sepe ni hakuna kitu. Rra Moatlhodi aligonga muhuri juu ya neno hilo kama anavyougonga juu ya viatu au dawa ya kikohozi.

"Masepe ya Lesotho siku zote mazito," alisema huku anatafuna. "Watu wa milimani hawajui kutuma kitu chepesi. Lile la Gaborone si nililibeba kwa vidole viwili?"

"Lile la Gaborone lilifungwa ovyo," alisema MmaTefo. "Nililipokea kwa adabu tu."

Akaliweka katoni kichwani, akapanda mlima taratibu mpaka nyumbani, akafungua mafundo bila kukata kamba, maana kamba nzima ni mali. Ndani hamkuwa na kitu, nacho kilikuwa kikubwa. Alikitoa kwa mikono yote miwili, akakitafutia nafasi karibu na dirisha.

Mambo haya yalianza kwenye simu. Jirani yake Seabelo, mwanamke mwenye kicheko kinachoruka ukuta, ndiye aliyemwingiza MmaTefo kwenye kundi la wapenda mablanketi ya viraka. Wanawake wa humo wametapakaa kusini yote, Maseru, Bulawayo, Bloemfontein, Francistown. Wengi hawajawahi kuonana uso kwa uso, lakini wanajuana kwa mishono. Wanaoneshana kazi zao, wanasifiana, wanachokozana, na mara kwa mara majina yanachanganywa, kila mmoja anapata mtu wa kumtumia zawadi bila kujitaja. Ili zawadi isipotee bure, kila mwanachama anayo orodha yake ya matakwa, iliyo wazi, kila mtu anaisoma. Mmoja ataandika anataka uzi mwekundu usiochuja. Mwingine vipande vya leteisi, ile khanga ya huku, ya bluu yenye maua madogo. Mwingine mkasi wa mkono wa kushoto.

Kiongozi wa kundi, MaSibindi wa Bulawayo, mwalimu mstaafu mwenye sauti ya kengele, alimwomba MmaTefo orodha yake siku ile ile alipoingia.

Sasa, huko Kanye mtu mzima aliyelelewa vizuri akiulizwa unataka nini, hujibu, "Sepe." Mwuliza naye anaelewa. Anauliza tena, anajibiwa sepe kwa sauti ya chini zaidi, ndipo anapopakua sahani na kuijaza. Hivyo ndivyo watu wanavyolishwa na hakuna aliyeshinda na njaa. MmaTefo akaandika kwenye orodha yake, akijua ataulizwa tena: *Sepe. Asanteni.*

Kundi halikuuliza tena. Watu wa viraka ni waaminifu, wanatuma kilichoandikwa.

Sepe la kwanza lilitoka Bloemfontein, ukubwa wa mkate, limezungushiwa karatasi laini. Alilipanga kwenye rafu na vikombe ikabidi vihame. La pili lilikaa kwenye kiti cha mgeni. La tatu, la Francistown, lilikuwa refu, likalala kitandani upande wa ukutani, pale alipokuwa akilala marehemu mumewe, na halikukoroma. Kuku walijifunza kuyazunguka yale mawili ya mlangoni. Seabelo akija kunywa chai alisimama katikati ya chumba mikono kiunoni.

"MmaTefo, sogeza sepe lako nikae."

"Lisogeze mwenyewe, una mikono."

"Halishikiki pembe! Afadhali mbuzi, mbuzi ana masikio."

Kisha anasukuma kwa nyonga, sepe linasogea, anakaa nusu tako na kunywa chai yake. Seabelo ni mpenda vitendawili na hawezi kumaliza kikombe bila kutega.

"Niambie," alisema siku hiyo ya mzigo wa Maseru, "ni mgeni gani, kadiri unavyomkataa ndivyo anavyoleta ndugu zake?"

"Panya."

"Panya unamkataa kwa paka. Mimi nasema unayemkataa kwa mdomo."

MmaTefo alijua jibu, maana lilikuwa limekaa dirishani. Alishika sindano yake, akaendelea kushona kwa mkono, na Seabelo akaviona vile vidole. Vifundo vilikuwa vimevimba kama tangawizi. Asubuhi vilikataa kujikunja mpaka avitie maji ya moto. Watu wote aliowatumia zawadi walipata walichoomba, kwa mshono mdogo ulionyooka, lakini kila mshono sasa ulikuwa unamgharimu, na blanketi alilolianza tangu baridi lilikuwa halijafika hata magotini.

"Mkono huu una Krismasi moja tu," alisema Seabelo kwa upole. "Baada ya hapo utakuwa unapiga makofi kanisani basi. Waandikie unachotaka, mama. Duru ya Krismasi inafungwa Ijumaa. Na ukipata masepe mengine, utalala wapi? Juu ya dari?"

MmaTefo alijua anachotaka. Alikuwa anakijua kwa rangi, kwa sauti na kwa harufu ya mafuta yake. Kilikuwa cherehani cha miguu, cheusi, chenye maua ya dhahabu ubavuni, alichonunuliwa na mumewe kwa mshahara wa machimboni mwaka ule waliooana. Mume alipofariki na mwaka wa nguo nyeusi ulipokwisha, wazee wa upande wa mume waliketi uani kugawa vitu. Baba mdogo, ndugu wa baba mkwe, akamgeukia mjane akamwuliza, "Nawe, mke wetu, unataka nini?" MmaTefo akatazama chini kama ilivyo heshima, akasema, "Sepe." Akangoja kuulizwa tena.

Hakuulizwa tena. Cherehani kikabebwa na wanaume wanne mpaka kwa wifi yake, MmaBofelo, ambaye hajui kutia uzi kwenye tundu la sindano.

Na huyo MmaBofelo naye yumo kundini. Hashoni, yeye anakusanya. Orodha yake ya matakwa ni ndefu, ukiisoma inabidi unywe maji katikati. *Leteisi ya kahawia, isiwe ya kupauka. Leteisi ya kijani, ile ile lakini mpya. Vifungo vya chaza. Na chochote kingine kizuri.* Vyote anapata, kwa sababu ameviandika.

Jumatano MmaBofelo alikuja kusalimia. Ni mwanamke mkubwa, mchangamfu, anayependa watu na anayependwa nao. Aliingia, akajipenyeza kati ya masepe mawili ya mlangoni, akayagonga kidogo kama mtu apimaye tikiti maji.

"Wifi yangu, nyumba yako imejaa!"

"Imejaa sepe, wifi."

"Una bahati. Mimi kwangu mwangwi mtupu." Akakaa, Seabelo akamsogezea kikombe. "Na hili la dirishani ni la wapi? Lina afya."

"La Maseru."

"Wasotho wana moyo."

Wakanywa chai. MmaTefo alikuwa anazunguka pembeni ya neno kama kuku apitavyo pembeni ya moto. Mwishowe akasema, "Kile cherehani, wifi. Bado kizima?"

"Kizima sana! Nimeweka televisheni juu yake. Inakaa hiyo, wewe! Urefu ule ule wa macho."

Seabelo akaweka kikombe chini. "Niambie, MmaBofelo. Ni kitu gani, aliye nacho hakitumii, na anayejua kukitumia hana?"

MmaBofelo akafikiri kwa bidii, uso wote ukashiriki. "Jina!" akasema. "Jina langu ninalo mimi, lakini wanaolitumia ni nyinyi!"

"Hata hilo linapita," alisema Seabelo, akamtazama MmaTefo.

MmaBofelo akajinyanyua, akajifunga vizuri kitambaa cha kichwa. Mlangoni akageuka. "Kesho naenda Lobatse. Unataka kitu, wifi?"

"Sepe," alisema MmaTefo.

Neno halijakauka mdomoni, sepe jipya likatua mezani kati ya birika na bakuli, zito, bila kumwaga chai. MmaBofelo akaaga, akaenda zake. Wale wawili waliobaki wakalitazama.

"Hilo halikupitia posta," alisema Seabelo.

"La," alisema MmaTefo. "Hilo nimelitengeneza mwenyewe."

Ijumaa asubuhi ujumbe wa sauti wa MaSibindi ulilia kwenye simu, na kuku wakaukimbia.

"Mabibi, orodha zinafungwa jioni. Na wewe MmaTefo wa Kanye, nisikilize, mwanangu. Orodha yako naisoma kila mara nakuta sepe, na watu wangu wanatuma sepe, na sasa Bulawayo nzima sepe zuri limeadimika. Hivi unajua orodha tunaiweka wazi kwa nini? Si kwa ajili ya tamaa. Mtu akitamani sana, atanunua mwenyewe. Tunaiweka wazi kwa sababu kuna mtu huko anafagia kabati lake, ana kitu mkononi na ana mapenzi moyoni, na hajui ampelekee nani. Unamwacha amesimama. Halafu kuna jambo lingine. Ukiandika, tunakujua. Mimi nawajua wote hawa kwa wanachotaka. Wewe nakujua kwa mshono tu. Nakuuliza tena: unataka nini?"

MmaTefo aliusikiliza mpaka mwisho. Kisha akausikiliza tena pale mwishoni, pale MaSibindi aliposema *nakuuliza tena*.

Akakaa kwenye kigoda uani, jua likiwa kali, akaandika kwa kidole kile kisichouma. Aliandika polepole. Alifuta mara nyingi, na kila alipofuta alisikia ndani kishindo kidogo cha sepe likitua, kwa hiyo akaacha kufuta. Akatuma:

*Cherehani changu cha miguu, cheusi chenye maua ya dhahabu, kile kilichopo kwa wifi yangu MmaBofelo, hapa Kanye, chini ya televisheni.*

Kusini yote wanawake walishika sindano hewani. Kisha Maseru akaweka mikono inayopiga makofi. Bloemfontein akauliza cherehani hicho kinatumia sindano ya namba ngapi. Francistown akataka kujua rangi ya maua. Watu wakaandika usiku na mchana, mmoja akakumbuka kilichokuwa cha mama yake, mwingine akatuma picha ya kanyagio la chuma lenye matundu kama jani.

MmaBofelo naye alisoma, maana ni orodha ya wazi. Akaweka moyo mwekundu. Chini yake akaandika: *Ombi zuri sana, wifi. Mungu akufungulie.*

Baba mdogo, ambaye hayumo kundini lakini habari ilimfikia kabla ya chakula, alipiga simu.

"Mke wetu. Mbona unatuaibisha mbele ya Wandebele wa Bulawayo? Siku ile ulisema sepe. Tulikuwa wengi, tulisikia."

"Nilisema, baba. Lakini hukuuliza tena."

Ikasikika redio ya baba mdogo kwa nyuma. "Kuuliza tena kwa nini, na mtu ameshajibu?"

"Haya, baba. Wasalimie nyumbani."

Alipokata simu alikuwa na njaa sana. Akala sahani nzima ya mboga na ugali wa mtama, kisha akajiongezea bila kuulizwa.

Kabla ya Krismasi vifurushi vikaanza kuingia. Rra Moatlhodi alivipanga nyuma ya dirisha lake na kila Jumamosi alivisoma kwa sauti foleni yote isikie. Bulawayo ilileta bobini na kopo la mafuta lenye mdomo mwembamba. Maseru ilileta mkanda wa ngozi wa kuzungushia gurudumu. Bloemfontein ilileta sindano, namba ile ile. Francistown ilileta kifuniko cha kitambaa, kimedariziwa maua ya dhahabu. Mtu asiyejitaja alileta uzi wa kila rangi, kidonge kwa kidonge, umepangwa kama mahindi shambani.

"Cherehani chenyewe hakuna," alisema Rra Moatlhodi, akipekua chini ya meza mara ya mwisho. "Nimetafuta, mma."

"Najua kilipo," alisema MmaTefo. "Kiko wilaya hii hii. Hakihitaji stempu."

Hakuna aliyeweza kutuma cherehani kile, kwa kuwa aliyekuwa nacho alikuwa mmoja tu. MmaTefo alivibeba vitu vyake nyumbani, akavitandaza sakafuni mbele ya sepe la Maseru. Alilitazama. Lilikuwa limekaa dirishani muda wote huo, pana, imara, urefu wa meza. Akachukua mkanda wa ngozi, akauzungushia. Ukashika. Akatia bobini pale bobini inapokaa, ikaitika *taki*. Akapachika sindano. Akapitisha uzi juu, akaushusha, akaupitisha kushoto, akaulamba ncha, akautia tunduni. Kwa chini, mahali pa kanyagio, akasukuma lile sepe alilolitengeneza mwenyewe siku ya Jumatano, likaingia bila mabishano. Akadondosha tone la mafuta kila palipostahili tone.

Kisha akakaa, akaweka miguu, akakanyaga.

Kilishona. Sindano ilipanda na kushuka juu ya pasipo na kitu, na kitambaa kikatoka upande wa pili na mshono mdogo, ulionyooka. Kelele zake zilikuwa zile zile, ila nyororo zaidi kidogo, kama mtu anayecheka akiwa kafunika mdomo. Vidole havikuwa na kazi ila kuongoza tu.

Seabelo alisikia akiwa kwake. Akaja amebeba mwiko.

"Kinashona?"

"Kinashona."

Akainama, akapitisha mwiko palipopaswa kuwa na mwili wa mashine. Mwiko ukagonga. Akaridhika. "Basi nipunguzie sketi hii, mpwa wangu anaolewa keshokutwa na mimi nimenenepa upande mmoja."

Habari za mshono mzuri husambaa kuliko za msiba. Watoto wa shule walileta sare, mabibi arusi wakaja na leteisi zao, mchungaji akaleta kanzu iliyochanika kwapani na kuomba isitangazwe. Blanketi la viraka likafika magotini, likafika kifuani, likaisha, likatumwa Bulawayo, ambako MaSibindi alijifunika nalo akatuma picha, miwani bado usoni. Wateja walizoea kuona fundi amekaa mbele ya dirisha akikanyaga hewa. Watoto wadogo peke yao ndio waliouliza mashine iko wapi, na mama zao wakawajibu, "Iko kwa MmaBofelo," kwa sababu kila mtu alikuwa ameisoma ile orodha.

Wiki moja baada ya mwaka mpya MmaBofelo mwenyewe akaja, bonge la pazia begani.

"Wifi yangu, nipindie chini hapa. Linafagia sakafu, na mgeni anakuja kutazama mpira."

"Na kile ulicho nacho?"

"Kile kina televisheni, wifi. Nitaiweka wapi?" Alisema hivyo bila ubaya wowote, kama mtu anayeuliza njia.

MmaTefo alilitwaa pazia, akalinyoosha, akalipitisha chini ya sindano. Miguu ikaenda. Uani walikuwapo wateja watatu wanne wakingoja zamu, Seabelo akiwamo, na wote wakageuza shingo. MmaBofelo alisimama akifurahia kazi, akatingisha kichwa kwa mapigo yake. Lilipokwisha akalikunja vizuri, akapapasa pindo.

"Mikono ya dhahabu! Haya, nikupe nini, wifi?"

MmaTefo akavua miwani. Hakutazama chini.

"Cherehani changu."

Alisema kwa sauti ya kawaida ya mchana. Hakuna kilichotua mezani. MmaBofelo akacheka, lakini kwa kicheko chake kizuri, akaweka pazia begani.

"Hicho nimeshakisoma, wifi, nimekuwekea na moyo. Kitu kingine je?"

Wale wa uani walingoja. MmaTefo naye alingoja aone kinywani mwake litatoka nini, na kwa kweli alikuwa hajui. Alifikiri kidogo. Ikamjia kwamba anavyovitaka ni vingi.

"Sukari," alisema. "Ya kahawia, siyo hii nyeupe. Na ndimu kama ukipita dukani kwa yule Mhindi. Na Jumapili mkipika nyama ya kutwanga, mniletee ya kwenye mfupa."

"Ya kwenye mfupa!" alipiga kelele Seabelo. "Msikieni!"

"Ya kwenye mfupa," alirudia MmaTefo, "na isiwe baridi."

MmaBofelo akahesabu kwa vidole asisahau, akaaga kila mtu kwa jina, akateremka mlima na pazia lake.

Sukari ililetwa kesho yake asubuhi, ya kahawia, na ndimu juu yake. Cherehani hakikuletwa. MmaTefo alitia kijiko kwenye chai, akakoroga, akaonja, akaongeza kingine.